Mwaka Tuliofufua Tourelle

Katika kilio cha Bisimwa walisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi moja ya daftari, na maandishi hayakufika chini ya ukurasa. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akatengeneza simu za watu pale mtaani Bagira, akaoa, akazaa watoto watatu, akaugua tumbo, akafa. Katekista aliyesoma alifanya haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, na watu walishaanza kuvuta viti vyao vya plastiki chini ya hema. Mimi nilikaa mstari wa nyuma, na tai yangu na viatu vyangu vya mtu aliyekuja kwa ndege, nikingoja mtu aseme neno moja juu ya programu ya sataranji. Hakuna aliyesema. Aliyepaswa kusema alikuwa mimi, na mimi niliinamisha kichwa nikaangalia matope.

Basi nitalisema hapa, kwa kuchelewa, kama nilivyochelewa katika kila jambo lililomhusu Bisimwa. Mwaka ule tulikuwa na miaka ishirini na minne. Mambo ya koo zetu na vijiji vyetu nayaacha, hayana kosa lolote katika habari hii. Tulikuwa tumemaliza chuo pamoja, darasa moja la informatique, masomo ya kompyuta, na diploma zetu tulizifunika kwa plastiki zisipate unyevu, maana hakuna aliyekuwa akiziomba. Asubuhi tulipeleka barua za kuomba kazi kwenye ofisi za mashirika, mchana tulirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya miezi michache tuliacha hata kupeleka. Nasema haya ili mtu asidhani tuliingia katika kazi ile kwa kupenda sayansi. Tuliingia kwa sababu kukaa bure kunamfanya mtu aoze, na kwa sababu Bisimwa alikuwa na kinyongo na programu moja iliyomshinda mara nyingi mno chuoni, na sasa ilikuwa inakufa kabla hajalipiza.

Programu hiyo iliitwa Tourelle. Ilikuwa ya kucheza sataranji, au échecs kama tunavyosema sisi, na ilikuwa kuukuu. Mzungu mmoja aliiandika zamani akaiweka wazi, ili mtu yeyote duniani aichukue bure, aifungue tumbo, asome maandishi yaliyomo, arekebishe, kisha arudishe alichorekebisha wote wafaidike. Kwenye kompyuta za kisasa haikufunguka tena. Ilionyesha dirisha jeusi kwa sekunde moja, ikazimika. Mwenyewe alikuwa bado hai, mzee sana, katika nchi ya theluji, na kwa kuwa kila barua yake ilianza na habari za theluji tulimwita Muzee ya Baridi. Kwenye ukurasa wake wa internet aliandika kwamba amechoka, na anayeweza kusaidia asaidie. Bisimwa aliyasoma maneno hayo pale cyber, akanigeukia na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

“Prosper, huyu muzee anaomba batu,” alisema. “Na sisi tuko batu.”

Tulifanyia kazi kwa mama yake, Maman Julienne, Bagira, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Bado kilikuwa na magunia mawili ya makala, yaani makaa, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na sisi tulikaa katikati ya hivyo, kwenye dawati la shule lililofupishwa miguu. Ukuta ulipakwa rangi ya kijani mpaka kimo cha bega, juu yake chokaa, na chokaa ilitudondokea kwenye nywele kila lori lilipopita barabarani. Kompyuta ilikuwa yangu. Betri yake ilikufa kitambo, kwa hiyo iliishi pale tu umeme ulipokuwepo, na umeme wa Bagira ulikuja asubuhi ukipenda, ukaondoka mchana bila kuaga. Tulijifunza kuutumia kama mtu anayekinga maji ya bomba, haraka, kabla halijakauka. Bisimwa hakuchapa. Kwenye kibodi alikuwa na kidole kimoja, nacho kilikuwa na woga. Aliandika yote kwenye daftari kwa kalamu ya bluu, saa nyingi, umeme uwepo usiwepo, akifuta, akichora mishale, akianza upya; nami niliyewahi kuchapa barua za watu kwenye duka la fotokopi nilihamisha maandishi yake kwenye mashine kwa kasi iliyomfanya acheke. Kila Jumamosi nilishuka mjini na kazi ya wiki kwenye clé USB, nikaituma kutoka cyber. Kichwa kilikuwa chake, mimi nilikuwa vidole. Nililijua hilo wakati ule ule, wala sikuhitaji uzee uje kunifundisha.

Kati yetu na sebule palikuwa na pazia tu. Jumatano wamama wa kwaya walikuja kufanya mazoezi, na kati ya wimbo na wimbo walitusema kana kwamba pazia ni ukuta wa mawe.

“Julienne, hawa vijana wako wanafanyaka nini mule ndani?”

“Banatengeneza muchezo.”

“Muchezo? Na zile ndevu zote?”

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha nikasikia Maman Julienne akijibu kwa sauti ya chini, si kwa hasira. “Mi namuacha tu. Akiwa mule, najua iko wapi. Wenzake walienda ku machimbo kule Shabunda, na wengine hawakurudia.” Nyimbo zikaanza tena. Bisimwa hakuinua kichwa, lakini kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

Kufikia katikati ya mwaka Tourelle ilikuwa inafunguka kwenye kompyuta yoyote, na dirisha jipya lenye ubao mzuri wa rangi. Ilicheza vibaya. Ilikuwa na ugonjwa wa zamani ambao Muzee ya Baridi mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kuupatia chanzo: farasi wake walipenda kukimbilia ukingoni mwa ubao, wakikaa huko bila faida huku mfalme wao anauawa. Asubuhi moja umeme haukuja kabisa. Maman Julienne akatupa beseni la sambaza wabichi, dagaa wa ziwa letu, tuwachambue, tutoe majani na vijiwe, tusikae kama wageni ndani ya nyumba yake. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilikuwa nimejaza nusu sahani nilipoona Bisimwa amepanga samaki wake mistari, wanane wanane, kwenye kipande cha mabati.

“Angalia. Cavalier iko hapa, ku mwisho,” alisema, akigusa samaki wa pembeni aliyemfanya farasi. “Tourelle inahesabu nafasi zenye anaweza kuruka. Ikifika ku mupaka, haisimame. Inaendelea kuhesabu, inatokea ule upande mwingine.”

“Namna gani?”

“Sawa mutu anatoka Bagira, hapite mu ville, mara iko Panzi.”

Panzi iko upande wa pili kabisa wa mji. Alinieleza taratibu. Ndani ya programu ubao haukuwa ubao, ulikuwa mstari mmoja mrefu wa namba, mwisho wa safu moja ukigusana na mwanzo wa safu inayofuata, na hakuna aliyewahi kuiambia Tourelle kwamba pale pana ukingo. Kwa hiyo farasi wa pembeni alihesabiwa nafasi asizokuwa nazo, akaonekana ana nguvu. Miaka yote hiyo watu wenye kompyuta nzuri na umeme wa saa zote walipita juu ya kosa hilo, na huyu amelipata kwa samaki. Alinawa mikono nusu nusu, akaandika mistari isiyozidi kumi, na daftari lile lilinuka sambaza mpaka mwisho. Umeme uliporudi siku ya pili nikachapa, tukaziweka Tourelle mpya na ya zamani zicheze peke yao. Mpya ikashinda, ikashinda tena, ikashinda asubuhi nzima. Maman Julienne alileta bugali na wale sambaza wamekaangwa na pilipili, na Bisimwa alikula amesimama, tonge mkononi, macho kwenye skrini, akisema tu “Ona! Ona!” mpaka mama yake akamwambia akae chini asije akapaliwa. Hiyo ndiyo siku ya furaha niliyo nayo katika mwaka ule, na hata hiyo siwezi kuikumbuka bila aibu kunipanda.

Jumamosi ile nilituma marekebisho ya farasi. Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi hizi. Kila rekebisho linalotumwa linabeba jina la aliyelituma, na jina linabaki pale mbele ya dunia yote, mstari kwa mstari, miaka na miaka. Jina hilo linatoka kwenye mashine. Na mashine ilikuwa moja, na siku ya kwanza niliiandikisha kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na anwani ya e-mail. Hatukuliona kuwa ni kitu. Tulikuwa watoto wa chuo cha kwetu, na kwetu kazi ya kikundi, ile tunayoiita TP, inaandikwa na mmoja, kwenye karatasi za mmoja, kisha siku ya kuirudisha kwa profesa ndipo unaweka ukurasa wa mbele na majina ya wote. Mwandishi hana cheo. Ana mwandiko mzuri tu. Tuliamini kabisa kwamba Tourelle nayo ingekuwa na siku yake ya kurudishwa na ukurasa wake wa mbele. Bisimwa aliona orodha ya majina hayo mara moja tu, siku aliposhuka na mimi cyber. Aliiangalia kwa muda, Prosper, Prosper, Prosper, kutoka juu hadi chini.

“Jina yangu haiko,” alisema.

“Tutaweka mwishoni. Si unajua, kama TP.”

“Kama TP,” alisema, akaridhika. Kuweka jina lake kungenichukua mstari mmoja wa maandishi. Nilijua mstari wenyewe, nimeshausoma kwenye maelezo. Niliona ni usumbufu, na dakika za cyber zilikuwa zinakwisha.

Barua ilikuja kiangazi, siku ambazo vumbi la barabara ya Bagira linapanda mpaka kwenye majani ya migomba. Bisimwa alikuwa kisiwani Idjwi, amempeleka shangazi yake mgonjwa kwa ndugu zake, na angerudi baada ya siku tatu. Nilishuka mjini peke yangu. Muzee ya Baridi aliandika kwamba toleo jipya la Tourelle liko tayari kutangazwa, kwamba hajaona kazi safi kama ile kwa miaka mingi, kwamba rekebisho la farasi lilimfanya asimame jikoni kwake acheke peke yake. Kisha akauliza mambo mawili. La kwanza, je, uko peke yako katika kazi hii, au kuna wengine niwaandike? La pili, kuna profesa rafiki yangu anayetafuta mwanafunzi mmoja mwenye kichwa cha namna hii, masomo na nauli vitalipwa, je, ungependa?

Nimeieleza saa ile kwa watu wawili maishani, mke wangu na padri, na wote wawili niliwadanganya kidogo. Hapa sitadanganya. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa mtulivu. Niliandika: tuko wawili, mwenzangu anaitwa Bisimwa, na yeye ndiye aliyepata kosa la farasi. Nikayasoma. Nikaona neno “mmoja” kwenye barua ya mzee, mwanafunzi mmoja, nikaona wazi kama mchana ni nani angekuwa huyo mmoja kama sentensi yangu ingebaki pale. Nikaona chumba cha makala, na mimi ndani yake peke yangu, na ndevu zangu, na kwaya inacheka. Nikaifuta sentensi kutoka mwisho kurudi mwanzo, herufi kwa herufi, jina lake likiwa linapungua mbele yangu. Nikaandika: niko peke yangu. Kisha nikatuma, nikasimama, nikanunua mahindi ya kuchoma pale nje, nikala yote. Hilo la mahindi ndilo linalonitesa kuliko mengine. Nilikuwa na njaa ya kawaida tu.

Bisimwa aliporudi nilimwambia mezani, mbele ya mama yake, kwa makusudi, kwa kuwa mbele ya mama yake asingepaza sauti. Kulikuwa na maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu. Nilisema Muzee ya Baridi amepata nafasi ya mtu mmoja, ameangalia majina yaliyo kwenye orodha, amechagua hilo alilolikuta. Maman Julienne akapiga makofi, akasema Mungu mukubwa, akainuka kuja kunishika kichwa kwa mikono miwili. Bisimwa alikuwa ananiangalia.

“Aliuliza kama uko peke yako?”

“Hakuuliza.”

Alilipanga jibu langu mahali pake, kama alivyozoea kufanya na kila kitu. Mtu aliyeona kosa lililofichika miaka yote ile hawezi kuwa hakuliona langu. Mpaka leo naamini aliliona pale pale, juu ya sahani ya maharage, akaamua kutolisoma kwa sauti.

“Kama hakuuliza, haiko kosa yake,” alisema. Kisha akanisogezea bakuli. “Kula, Prosper. Itapoa.”

Kwaya iliniimbia siku ya kuondoka. Wale wale waliotucheka walinivika kitambaa shingoni, wakanililia. Bisimwa alinibebea begi mpaka kwenye gari, na ndani yake, nilikuja kugundua nilipofika, alikuwa ameweka madaftari yote matano. Nayo niliyatumia. Mwaka wa kwanza kule niliishi kwa madaftari yale. Kila profesa aliposhangaa kichwa changu, kichwa kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Baadaye nilihama nyumba, kisha nikahama tena, na sijui yalipotelea katika nyumba ipi. Nilimwandikia Bisimwa barua za Krismasi. Yeye alibaki Bagira, akafungua kibanda cha kutengeneza simu, na watu walimpenda kwa sababu hakudanganya juu ya kilichoharibika. Niliporudi likizo mara ya kwanza nilikaa kwenye kibanda chake nusu saa. Mteja mmoja, kijana wa mtaani aliyekuwa anangojea simu yake, alitaka kunichekesha, akiniita tonton, yaani mjomba. “Huyu papa, tonton, anasemaka alitengeneza échecs ya mu internet! Eti ile ya bazungu! Tunamuitaka Professeur.” Watu wote kwenye benchi wakacheka. Bisimwa pia alitabasamu, akiendelea na bisibisi yake, hakuniangalia. Alinipa nafasi. Ilikuwa nafasi ndefu, ya kutosha mtu kufungua kinywa na kusema ndiyo, ni kweli, alitengeneza yeye. Nikauliza bei ya simu zilizopangwa mezani.

Sielewi watu wanaosema kwamba wakati unaponya. Mimi wakati ulinifanya mkubwa. Ulinipa kazi, ofisi, wanafunzi wangu mwenyewe, na kila nilipopanda ngazi moja, kusema ukweli kulipanda bei, na mimi nilikuwa bahili. Nilijiambia nitaandika mwaka kesho. Habari ya kifo cha Bisimwa ilinikuta kwenye mkutano. Usiku ule wala sikulia. Asubuhi nilifungua kompyuta nikaenda kwenye ukurasa wa Tourelle, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nirekebishe. Juu ya ukurasa palikuwa na mstari wa rangi ya njano. Muzee ya Baridi alikuwa ameshafariki, hakuna aliyeirithi kazi yake, na programu ilikuwa imefungwa. Mtu anaweza kuisoma. Hakuna anayeweza kuongeza hata nukta.

Siku tatu baada ya mazishi nilikwenda nyumbani kwa Bisimwa kuaga. Alinipokea Noëlla, binti mkubwa wa Bisimwa, anayesoma informatique chuo kile kile. Ana namna ya baba yake ya kukusikiliza mpaka neno la mwisho. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama uani: madaftari, farasi, mashine moja, jina. Barua niliiacha, nilisema tu kwamba mambo yalikwenda vile. Nikampa simu yangu aione orodha. Aliisukuma kwa kidole gumba, polepole, mpaka chini kabisa, kisha akarudi juu, akaanza tena.

“Papa alikuwa anatuambia,” alisema. “Na sisi tulimucheka.”

“Alisema kweli. Tulikuwa na mashine moja tu, mwanangu.”

“Nasikia, tonton. Machine ilikuwa moja.” Alisimama na kidole juu ya jina langu. “Na kisha, kule ulienda, ulipata yako?”

“Nilipata.”

“Na internet?”

“Ilikuwepo.”

“Miaka yote?”

“Miaka yote.”

Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama wanavyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu. Akaniambia safari njema, akaingia ndani.